Ukitaka ampu ya tyubu, anza na spika ulizonazo

Mtu akiingia kwangu hapa Migosi, Kisumu, usiku, swali la kwanza ni moja tu, hizo taa ndogo ni za nini? Si taa. Ni tyubu, wazee walikuwa wanaziita valvu, zile zilikuwa ndani ya redio kubwa za mbao kabla transista haijaingia, na kama ulikuwa na babu mwenye redio ya hivyo utakumbuka alikuwa anaiwasha mapema kabla ya habari ndio ipate moto. Fleming wa Uingereza alitoa ya kwanza 1904, Lee de Forest wa Marekani akaongeza kipande cha tatu ndani 1906, na hicho kipande ndicho kinakuza sauti mpaka leo ndani ya ampu ya tyubu, ile mashine inayoongeza nguvu ya muziki kabla haujafika kwa spika.

Kazi yake ni rahisi kuelewa. Kuna waya ndani unapata moto, moto unafanya elektroni ziruke kutoka sehemu moja ziende kwa sahani ya chuma ng'ambo ya pili, na hakuna hewa humo ndani ya kuzizuia. Katikati kuna kawavu kembamba. Hako kawavu ni kama makanga amesimama kwa mlango wa matatu pale steji, yeye mwenyewe si mzito lakini akisogea kidogo tu abiria wengi wanapita, akirudi wanazuiwa. Muziki mdogo kutoka kwa simu unasogeza makanga, ule mkondo mkubwa unaenda kwa spika. Basi.

Sasa shida ninayoona kila saa ni watu kuanzia mwisho. Mtu ameona picha ya ampu inang'aa rangi ya chungwa kwa giza, amependa, amenunua, halafu anaiunganisha na spika za ile wufa yake ya zamani na anashangaa mbona inakoroma. Hii kitu inanunuliwa kinyumenyume. Unaanza na kile kiko karibu na sikio, spika ama hedifoni, halafu unaangalia stima ya nyumba, ampu ndio ya mwisho kabisa.

Kwa spika, tafuta namba moja nyuma ya boksi ama kwa kile kikaratasi, desibeli kwa wati moja ukiwa mita moja, yaani spika inapaza sauti kiasi gani ikipewa nguvu kidogo. Spika nyingi ndogo za siku hizi ziko 84 hadi 87. Zile kubwa za zamani, mabox ya watu wa santuri, zinaweza kuwa 92 na kupanda. Ukiona tofauti ya namba ndogo hivyo unadhani ni mchezo, kumbe kila desibeli 3 ni kuongeza wati mara mbili. Chukua ampu ya wati 8, weka kwa spika ya desibeli 90, itafika kama 99, hiyo ni kelele ya kutosha jirani kugonga ukuta. Sasa spika ya 86 ifike hapo hapo 99 inataka wati 20. Ampu ni ile ile, wewe ndio umebadilisha spika, na tayari imeshindwa. Angalia pia omu, yaani vile spika inazuia mkondo wa stima, 8 ni salama kwa ampu nyingi, 4 iko sawa kama ampu ina mahali pa 4 nyuma yake, usichomeke tu kwa vile kuna shimo limebaki wazi.

Ukishajua hiyo ndio majina ya tyubu yanaanza kuwa na maana. EL84 ni tyubu ndogo, moja kila upande inakupa kama wati 5, mbili mbili unafika kama 12 hadi 15, na kwangu hiyo ya mbili mbili ndiyo ningemwambia mtu anayeanza achukue, haina joto sana na tyubu zake hazitakufilisi. EL34 mbili mbili zinapita 30 bila shida. KT88 ni ya watu wenye spika nzito. 300B ndiyo ile watu wanaiongelea kama bibi harusi, wati kama 8 tu kwa tyubu moja na bei yake utaketi chini. Nimeisikiliza mara moja kwa mtu, ni tamu, sikatai, lakini ilikuwa kwa spika zenye urefu wa kifua changu na sidhani ile sauti ilikuwa ya tyubu peke yake.

Hedifoni zina hesabu yake. Ampu nyingi ndogo za tyubu za hedifoni hazina transfoma ya kutoa sauti, ile inayolinganisha tyubu na spika ama hedifoni, zinaitwa OTL, na hizo zinapenda hedifoni zenye omu nyingi, 300 kama Sennheiser HD 600 na HD 650, ama zile Beyerdynamic za 250 na 600. Hapo utasikia kitu. Lakini ukichukua hedifoni ya omu 32 ama iyafoni za kuingia ndani ya sikio ukachomeka kwa OTL, bezi inakuwa kama uji haujaiva na nyuma yake kuna mvumo mmmmm usioisha. Ampu si mbovu, hawajapatana tu. Kama hedifoni zako ni za omu chache na huna nia ya kuzibadilisha, tafuta yenye transfoma ama ile ya mchanganyiko, tyubu mbele na transista nyuma. Hizo za mchanganyiko watu huzidharau, mimi sioni kwa nini, kwa mtu wa kupanga chumba kimoja ni kitu ya maana, haichomi, haichukui nafasi. Ila ujue tu kwa nyingi za bei ya chini tyubu inafanya kazi kidogo sana, na kuna zingine wameweka taa ndogo chini ya tyubu ndio ing'ae vizuri. Ukiona tyubu inang'aa rangi ya bluu ama kijani kutoka chini, hiyo ni taa ya harusi.

Stima. Hapa ndio nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndio pesa za watu huungua.

Stima yetu ni voliti 240. Ampu za Japani ni 100, za Marekani 120. Jamaa yangu mmoja wa Section 58 kule Nakuru aliuziwa ampu nzuri sana ya Japani, muuzaji akamwambia chomeka tu hakuna shida, akachomeka tu, shida ikakuja. Alinipigia simu akaniambia, "Bro, imetoa moshi kabla hata haijatoa sauti." Transfoma ilienda, na transfoma ya ampu kama hiyo haipatikani kwa duka la kona. Kwa hivyo geuza ampu, soma kile kibao cha nyuma kwa macho yako, usisomewe. Kama ni ya 100 ama 120 lazima ununue transfoma ya kushusha, na iwe na uwezo zaidi ya kile ampu inakula.

Kuna ujanja mwingine watu hawaujui. Ampu nyingi za China zimeandikwa 220. Inawaka, inaimba, hakuna moshi. Lakini 240 kwa kitu cha 220 ni kama asilimia 9 juu, na hiyo asilimia inaingia mpaka kwa moto wa tyubu, mahali palitakiwa kuwa voliti 6.3 panakuwa karibu 6.9, na huo ndio mpaka wa juu kabisa ambao tyubu inavumilia. Siku stima ikipanda kidogo umepita. Muulize muuzaji kama wanaweza kukutumia ya 230 ama 240, wengi wanazo, wanatuma ya 220 kwa sababu hakuna mtu aliuliza. Na weka friji gadi katikati, ile ile ya friji, inangoja dakika chache kabla ya kuruhusu stima irudi. Mvua ikianza kunguruma kutoka upande wa ziwa mimi huchomoa kila kitu kwa ukuta, sitegemei gadi, watu wa Kakamega na Kisii wanajua radi si hadithi.

Ukienda kununua iliyotumika, beba simu yako na waya yako, na penseli. Washa bila muziki, ngoja dakika tano, weka sikio karibu na spika. Kamvumo kadogo ukiwa umeinama hapo ni kawaida, kama unakasikia ukiwa umekaa kwa kiti hiyo inataka fundi. Gonga tyubu ndogo polepole na penseli, ikilia tiing kubwa kwa spika hiyo tyubu imechoka, si mwisho wa dunia lakini punguza bei. Angalia juu ndani ya chupa, kuna rangi ya fedha kama kioo, hiyo ikigeuka nyeupe kama maziwa hewa imeingia, tyubu imekufa. Halafu zima taa ya chumba uangalie zile kubwa, waya wa ndani kung'aa rangi ya chungwa ni sawa, lakini ile sahani ya kijivu ikianza kuwa nyekundu kama jiko la makaa, zima hapo hapo. Usingoje wimbo uishe.

Uliza pia kama bayasi, ule mkondo unaopita kwa tyubu hata muziki ukiwa umenyamaza, inajipanga yenyewe ama inapangwa kwa mkono. Ya kujipanga unabadilisha tyubu unaendelea na maisha. Ya mkono inataka mita na mtu anayejua, na hapa niseme wazi, ndani ya hizi ampu kuna voliti 300, 400 na zaidi, na zinaweza kukaa ndani ya kapasita, vile vipipa vya kuhifadhi stima, hata baada ya kuchomoa. Kufungua ukiwa na bisibisi na ujasiri peke yake ni kujitafutia matanga. Kuna mafundi wazee pale mjini waliofunzwa kwa redio za valvu, mtu kama huyo akikuambia toa mkono, toa mkono. Mimi wangu hushika mita kwa mkono mmoja, ule mwingine unakaa mfukoni muda wote. Nilidhani ni maringo mpaka aliponieleza kwamba stima ikiingia mkono huu ikatoka mkono ule, katikati ya njia kuna moyo.

Sheria nyingine ya spika, usiwashe ampu ya tyubu bila spika kuunganishwa. Ya transista haijali, hii inajali, transfoma ya kutoa sauti inaweza kupasuka ndani. Unganisha spika kwanza, washa halafu.

Mahali pa kuiweka: juu, wazi, mbali na pazia. Tyubu nne za EL34 zinatoa joto kama kajiko kadogo, wakati wa baridi ya Julai Nakuru utashukuru, Kisumu mwezi wa pili utafungua madirisha yote na vile vijidudu vya ziwa viingie. Sasa mama yangu alikuja kutembea kutoka Bondo, mimi nikaenda kazi. Mama ni mtu wa vitambaa, TV ina kitambaa, friji ina kitambaa, viti vyote vina vitambaa, kaona ampu iko uchi akaihurumia. Nikarudi jioni nikamkuta ameketi anasikiliza, ampu imevaa kitambaa cheupe cha kusokota, katikati kuna duara la kahawia linapanuka pole pole.

"Mama, hii inachoma!"

"Nyathina, mwanangu, nilijua ni pasi ya kuimba?"

Kile kitambaa bado nakitumia kufuta vumbi, ampu ikiwa imepoa. Usishike chupa ya tyubu ikiwa moto, na ukiwa na watoto nunua ile yenye kizimba cha waya juu.

Na sauti je? Siwezi kukudanganya, kwa vipimo ampu ya transista ya bei ya chini inaishinda, tyubu inaongeza vitu kwa muziki ambavyo havikuwa. Lakini vile inaongeza, nyingi ni ule mlio wa sauti ile ile oktavu moja juu, na sikio linaupenda. Weka benga ya zamani, D.O. Misiani, ama santuri za Chandarana wa Kericho, ile gita ya mbele inayocheza kama nyatiti, kile kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, kila kidole unakisikia kimeguswa na kuachiliwa. Franco na TPOK Jazz hivyo hivyo, zile sauti za nyuma zinakaa kila mtu mahali pake. Sasa kama wewe ni mtu wa gengetone na bezi ya kutikisa vioo, baki na wufa yako, sikudharau, hii pesa nunua nyama.

Ipe dakika kumi na tano za kupata moto kabla ya kuihukumu. Usiiache ikiwaka siku nzima, tyubu kubwa zinaenda kama masaa elfu mbili hivi, na masaa matatu kila jioni ni karibu elfu moja kwa mwaka, piga hesabu. Tyubu mpya za JJ kutoka Slovakia zinatosha kabisa, hizo za kale za Mullard na Telefunken kuna wengi wanauza feki, achana nazo mpaka masikio yako yajue kwa nini unazitaka.

Jana usiku stima ilipotea wimbo ukiwa katikati. Mtaa mzima giza, watoto wa jirani wakapiga kelele, lakini gita iliendelea, sekunde moja, mbili, inateremka kama mtu anatembea akienda mbali, hadi ikaisha, na tyubu zikabaki na kawekundu kadogo kwa giza. Hapo huwa naenda na mkono moja kwa moja kwa swichi, nazima, halafu ndio natafuta mshumaa.