Jinsi ya kuweka urea bila kuchosha udongo

Kuna wanaodhani ukiweka urea (mbolea ya naitrojeni, kirutubisho cha kukuza mmea) udongo unajaa kaboni (ile inayotokana na mabaki ya mimea yaliyooza), lakini naitrojeni yenyewe haijazi kaboni kwenye udongo, kinachojaza ni mizizi na mabua, mbolea inafanya tu mmea uwe mkubwa, sasa ukivuna halafu ukachoma mabua yote hapo hujaacha kitu, yaacheni shambani jamani. Urea ina naitrojeni 46% kwahiyo usimwage yote siku ya kupanda, gawa mara mbili, ya pili weka mmea ukianza kukua kwa kasi, na ufukie kama sm 5 maana ikibaki juu inapotelea hewani (ile harufu kali ya amonia ndo naitrojeni inaondoka). Ukizidisha urea kila msimu udongo unakuwa na asidi, pima pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi), ikishuka chini ya 5.5 weka chokaa. Samadi nayo changanya kwenye udongo.