Namna ya kumjibu mwandishi wa safu aliyemponda meneja wa besiboli kabla hata matanga hayajaisha

Kwanza usiandike ukiwa na hasira. Najua inauma, mzee, meneja (yaani kocha mkuu) wa timu yako, kafariki juzi tu, umemfuatilia miaka na miaka, halafu asubuhi unafungua gazeti unakuta jamaa kaandika safu nzima na robo tatu yake ni siku mbaya alizowahi kuwa nazo. Iweke pembeni. Rudi baada ya saa kadhaa uisome tena pole pole, kalamu mkononi.

Sasa kosa ambalo karibu wote tunalifanya, na mimi nishalifanya, ni kuanza jibu na "marehemu hasemwi vibaya". Hiyo haikusaidii. Mwandishi atakwambia meneja alikuwa mtu wa umma, kazi yake ilionekana na kila mtu, na hapo atakuwa na haki bana. Meneja Billy Martin alipokufa kwenye ajali ya gari siku ya Krismasi 1989, ukimwandika bila kugusa pombe na ngumi unakuwa unawadanganya wasomaji, lakini pia ukiziandika hizo ukaacha kwamba aliipa Yankees, timu ya New York, ubingwa wa 1977 na kwamba mmiliki yuleyule wa timu alimfukuza na kumrudisha mpaka akaiongoza timu hiyo vipindi vitano, umedanganya vilevile. Kwa hiyo usimdai heshima za msiba. Mdai kazi yake, maana analipwa kuifanya.

Unafanyaje? Nitatumia mfano wa meneja Gene Mauch kwa sababu huyu ndiye aliyeumizwa na makala za aina hii kuliko wengi. Alifariki Agosti 2005 akiwa na miaka 79. Aliongoza timu misimu 26 (Phillies, Expos, Twins, Angels), akashinda mechi 1,902, na hakufika World Series (fainali ya besiboli ya Marekani) hata mara moja, hakuna meneja aliyekaa misimu mingi hivyo bila kufika. Kwa mwandishi mvivu hapo makala imeshajiandika yenyewe: 1964, 1982, 1986, miaka timu zake zilipokaribia World Series zikaikosa, kwaheri.

Chukua karatasi ugawe pande mbili, huku andika kila tukio alilolitaja mwandishi, huku andika miaka aliyoiruka. Yaani fanya tu hivyo halafu uangalie. Upande wa kwanza utakuta Septemba 1964, Phillies wanaongoza msimamo wa ligi kwa pengo la mechi 6 na nusu zikiwa zimebaki mechi 12, wanapoteza 10 mfululizo, wapinzani wao Cardinals wanabeba ubingwa wa ligi na nafasi ya World Series. Upande wa pili utakuta 1961 Phillies hao hao walimaliza na ushindi 47 na kufungwa 107, na mwaka uliofuata wakashinda 81 wakafungwa 80. Nani aliwafikisha mahali pa kuweza kuongoza kwa mechi 6 na nusu? Mtu huyohuyo. Hiyo ndiyo hoja yako, na hujatamka neno marehemu.

Halafu angalia kitu kimoja ambacho waandishi wanakichanganya sana, nini kilikuwa mikononi mwa meneja na nini hakikuwa. Meneja anapanga wapigaji, anaamua mrushaji gani anaingia na gani anatoka. Harushi, hapigi. Mwaka ule wa 1964, kuwarudisha warushaji wake Jim Bunning na Chris Short kurusha baada ya kupumzika siku mbili tu, hilo ni la Mauch, mlaumu. Chico Ruiz wa timu pinzani ya Reds kuiba hom pleti (kukimbilia kituo cha mwisho na kupata pointi bila mpira kupigwa) Septemba 21 mechi ikaisha 1-0, ah jamani, hilo nani angelipanga?

1986 ndiyo tamu zaidi, hapa waandishi wengi wanateleza. Angels wameshinda mechi 3 kwa 1 dhidi ya Boston, na wa kwanza kushinda 4 ndiye anayeenda World Series; mechi ya tano, iningi ya 9 (iningi ni zamu ya kupiga ya kila timu, na kwa kawaida mechi ina 9), imebaki straiki moja tu (mpigaji kukosa mpira mara moja) waende World Series, Dave Henderson wa Boston anapiga homurani, pigo la kuutoa mpira nje ya uwanja, na Boston wanaongoza. Makala nyingi zinaishia hapo kama vile taa zilizimwa. Wakati ukweli Angels walisawazisha nusu ya pili ya iningi hiyohiyo, mechi ikaenda mpaka ya 11 ndipo wakafungwa 7-6, halafu wakafungwa nyingine mbili Boston. Ukimkuta mwandishi ameruka kile kipande cha kusawazisha, pigia mstari, maana hapo si maoni tena, ni habari iliyokatwa, na kwa hilo unaweza kumwandikia mhariri ukaomba masahihisho. Rekodi za mechi hizi zote ziko wazi mtandaoni, iningi kwa iningi, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu yako, kumbukumbu inapenda upande wetu.

Pia chimbua alichoandika mwandishi huyo meneja akiwa hai. Kama alimkosoa hivyohivyo miaka yote, mpe haki yake, huyo ana msimamo. Kama alikuwa anamsifu kila akipewa mahojiano ofisini kwake na leo ndiyo kapata ujasiri, weka tarehe mbili na sentensi mbili bega kwa bega, usiongeze tusi hata moja.

Jihadhari pia na ile makala isiyoponda bali inamgeuza mtu katuni. Meneja Earl Weaver alipofariki Januari 2013 ilikuwa rahisi kuandika mzee wa kufokea waamuzi, na kweli alitolewa uwanjani zaidi ya mara 90. Ila huyo huyo alikuwa na kadi za kumbukumbu za kila mpigaji dhidi ya kila mrushaji wakati wenzake wengi wanaenda kwa hisia, akashinda mechi 1,480. Bila kadi umeandika nusu mtu.

Ukikaa kuandika sasa, anza na kukubali. Sema wazi mwandishi yuko sahihi wapi, sentensi mbili tatu zinatosha, kisha hoja moja nzito, kisha acha. Watu wanarundika hoja tisa, jamaa anachagua ile dhaifu anaijibu hiyo tu na wewe umekwisha. Usiguse mshahara wake, sura yake wala kwamba hajawahi kushika gongo. Na akikujibu kwamba unaleta machozi ya msibani, mrudishie swali moja tu: ile misimu mingine ishirini na kitu uliiweka wapi?