Umeruhusiwa na mgonjwa anayetumia oksijeni nyumbani? Pitia hii kabla hujawasha mashine

Habari zenu ndugu zangu, hasa mlioko huku kwetu kusini, Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na vijiji vyote vya katikati. Mimi ni nesi, na kitu kinachoniuma ni kuona familia inahangaika mpaka inapata mashine ya oksijeni au mtungi kwa ajili ya mzee wao, afu wanafika nyumbani hamna aliyewaelekeza vizuri, kila mtu anagusa anavyojua. Kwahiyo naandika taratibu, soma mpaka mwisho na kama kuna ndugu anayemuuguza mzazi mpe naye asome.

Kitu cha kwanza kabisa weka kichwani kwamba oksijeni ni dawa. Ina dozi. Dozi yake ni lita kwa dakika na daktari ndo anaipanga, ameshaangalia ugonjwa na ameshapima damu au kidole. Kama karatasi ya kuruhusiwa haijaandikwa lita ngapi, masaa mangapi kwa siku na kipimo cha kidole (kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu) kinatakiwa kiwe kati ya ngapi na ngapi, usitoke getini, rudi wodini uulize waandike. Hiyo karatasi ibandike ukutani karibu na mashine, mtu yeyote atakayelala na mgonjwa aione.

Kwanini nasisitiza hivyo, kwa sababu kosa ninalokutana nalo sana ni kuongeza. Nilishaitwa nyumba moja maeneo ya Mikindani, mzee alikuwa na mapafu yaliyochoka kwa miaka mingi ya sigara, kaandikiwa lita mbili, usiku akahema kwa shida kidogo wanae wakapandisha mpaka lita tano wakijua wanamsaidia. Asubuhi kipimo cha kidole kinasoma 98, wao wamefurahi, ila mzee mwenyewe analala tu, ukimwita anafumbua macho anajibu vitu havieleweki, anashika kichwa. Kwa wagonjwa wa aina hiyo oksijeni ikizidi, kabondaioksaidi, ile hewa chafu tunayoitoa tukihema, inajikusanya kwenye damu, mtu anasinzia, anachanganyikiwa na anaweza kuacha kupumua kabisa. Ndo maana wao mara nyingi wanawekewa lengo la 88 mpaka 92, wakati wagonjwa wengine wengi wanalengwa juu kidogo, 94 na kuendelea. Kwahiyo namba kubwa sio sifa, namba nzuri ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi yako. Na watoto waliozaliwa njiti ndo kabisa usiguse, oksijeni ikizidi inaharibu macho yao.

Sasa mashine. Hii ya umeme, konsentreta, haina oksijeni ndani yake kama wengi wanavyodhani. Inavuta hewa ya hapohapo chumbani, ambayo ina oksijeni asilimia 21, inaipitisha kwenye chembechembe zinazoshika naitrojeni, kinachobaki ni oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Ukishaelewa hilo utaelewa mambo mawili. Moja, umeme ukikatika inakata palepale, haina akiba. Pili, hewa ya chumba ikiwa chafu, mashine inavuta huo uchafu, kwahiyo usiiweke nyuma ya pazia, usiibananishe ukutani, iache nafasi kama futi moja kila upande, na usiweke chumba kinachoshikana na jiko la kuni.

Huku kwetu kuna la ziada, salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho watu wanapiga salfa ya unga alfajiri kabla upepo haujaanza, na nyumba nyingi vijijini mikorosho iko mpaka mlangoni. Ule unga unawasha mapafu ya mgonjwa na unaziba filta ya mashine. Ongea na majirani mjue siku ya kupuliza, siku hiyo funga madirisha ya upande huo mapema, na ikiwezekana mgonjwa ahamie kwa ndugu mwenye nyumba mbali na shamba mpaka wamalize. Filta ya nje, ile ya sponji, kawaida inaoshwa mara moja kwa wiki kwa maji na sabuni kidogo, inasuuzwa na kukaushwa mpaka iwe kavu kabisa ndo inarudishwa, ila msimu wa salfa na vumbi iangalie kila siku. Usiirudishe mbichi na usiwashe mashine bila filta hata kama ni kwa dakika chache. Filta za ndani waachie mafundi wa vifaa tiba.

Ukiwasha, subiri. Ipe dakika tano hadi kumi ifikie nguvu yake. Mashine nyingi zina taa, ya kijani maana yake sawa, ya njano au nyekundu ikibaki inawaka baada ya hapo maana yake oksijeni inayotoka ni hafifu, mashine inanguruma vizuri, upepo unatoka vizuri, lakini oksijeni yake iko chini ya kiwango kinachotakiwa. Wengi wanazidharau hizo taa. Usizidharau.

Kusoma lita sasa. Kuna kile kigololi kinachopanda kwenye kioo. Inama macho yako yawe usawa nacho, usisome umesimama juu, utadanganyika. Mstari wa lita upite katikati ya kigololi, sio juu yake wala chini yake. Nilimuona binti mmoja anapanga kigololi kikae juu ya mstari kama kikombe juu ya meza, kumbe mama yake alikuwa anapata zaidi ya alichoandikiwa kila siku.

Mpira wa pua nao una upande wake, vile vidole viwili vimepinda kidogo, vinapoingia puani mpindo uelekee chini. Pitisha mpira nyuma ya masikio ushuke mbele chini ya kidevu, kaza kwa kiasi kidole kipite, weka pamba laini juu ya masikio maana panachubuka haraka sana hasa kwa wazee. Usiunge mipira ikawa mirefu mno ili mgonjwa afike mpaka uani, mita 15 ndo mwisho, na hakikisha kitanda au kiti hakijaukalia. Barakoa ya oksijeni ni suala lingine, ile ya kawaida haitumiki chini ya lita tano kwa sababu mgonjwa anarudia kuvuta hewa yake aliyoitoa, kwahiyo usibadilishe mpira wa pua ukaweka barakoa kwa lita zilezile mbili.

Ukitaka kujua kama oksijeni inafika kweli, chovya vidole vya mpira kwenye glasi ya maji safi, uone mapovu. Hamna mapovu? Fuata mpira kuanzia puani kurudi nyuma mpaka kwenye mashine, tafuta ulipojikunja, na mwisho fungua na ufunge upya kifuniko cha chupa ya maji (ile inayolowanisha oksijeni, kama imewekwa), mara nyingi uvujaji uko hapo, kifuniko kimekaa upande. Ukimaliza pangusa mpira ndo urudishe.

Na hiyo chupa ya maji yenyewe, kwa lita chache kama moja mpaka nne mara nyingi haina ulazima, muulize daktari wako. Ikiwekwa, maji yawe yaliyochemshwa yakapoa, au yale yaliyosafishwa ya hospitali, kati ya mstari wa chini na wa juu, unayamwaga yote na kuosha chupa kila siku, usiongezee juu ya ya jana. Maji ya visima vya pwani yenye chumvi usiweke. Chupa chafu inapeleka wadudu moja kwa moja kwenye mapafu.

Kipimo cha kidole, oksimita. Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kukadiria damu imebeba oksijeni kiasi gani. Mgonjwa akae ametulia dakika chache, mkono uwe wa moto, uwe umetulia, futa rangi ya kucha, na akina mama wa kwetu wenye piko nyeusi vidoleni tafuteni kidole kisicho na piko au tumia cha mguu. Weka, subiri kama dakika nzima mpaka namba isimame. Afu kuna namba ya pili ambayo ni mapigo ya moyo, shika mkono wa mgonjwa uhesabu mwenyewe, zikipishana sana basi hata ile ya oksijeni usiiamini, hamisha kidole upime tena.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Hivi vipimo vinaweza kusoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi kama sisi. Mwaka 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani walilinganisha kipimo cha kidole na damu ya mshipa, wakakuta wagonjwa weusi walikuwa wanakosa oksijeni huku kipimo kikionyesha wako sawa karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kwahiyo ukiona 93 na mgonjwa anahema mbavu zinaingia ndani, hawezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, usikae unaangalia namba, mpeleke hospitali. Vilevile moshi wa jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, ile sumu yake inakaa kwenye damu sehemu ya oksijeni na kipimo hakijui tofauti, kitasoma vizuri tu na mtu anakufa. Jenereta ndo hivyohivyo, iwekwe nje mbali na dirisha.

Tafuta daftari uandike saa, lita, namba ya kidole, mapigo, na pumzi kwa dakika, hizo pumzi hesabu dakika nzima ukiangalia kifua kinavyopanda, mtu mzima aliyetulia kawaida ni 12 mpaka 20. Ukienda kliniki na daftari hilo daktari anafanya kazi tofauti kabisa na ukienda na maneno ya "juzi alikuwa vibaya kidogo".

Umeme. Mashine ya lita tano inakula kama wati 350, ikiwaka masaa 24 ni uniti nane na nusu hivi kwa siku, kwa mwezi zaidi ya 250. Panga hela ya LUKU kabla, weka uniti za akiba, na asilale mtu na uniti tatu kwenye mita. Weka stabilaiza maana umeme ukipanda na kushuka unaua mashine. Na umeme ukikatika saa nane usiku ndo utajua umuhimu wa mtungi.

Mtungi uwe umejazwa oksijeni ya hospitali, sio wa gereji ya kuchomelea hata kama rangi inafanana, wa kuchomelea hamna anayehakikisha ndani kulikuwa na nini. Soma lebo, usiamini rangi peke yake. Kabla ya kufunga regyuleta, kile kifaa chenye geji kinachopunguza presha ya mtungi, fungua koki kidogo sana mara moja ipulize vumbi na ufunge, simama pembeni. Funga regyuleta kwa mkono na spana yake, usipake grisi wala mafuta wala tepu ya mabomba, oksijeni ya presha ikikutana na mafuta inawaka yenyewe bila kiberiti. Afu fungua koki polepole.

Utakaa masaa mangapi? Chukua lita za mtungi zilizogongwa pale shingoni zidisha na bar (kipimo cha presha) zinazosomeka kwenye geji, gawanya kwa lita za mgonjwa, unapata dakika. Mtungi wa lita 10 wenye bar 100 una lita 1000, kwa lita mbili ni dakika 500, masaa nane na kidogo. Mimi nahesabu masaa saba, kwa sababu mtungi hautakiwi kuisha mpaka sifuri. Kama geji ni ya psi gawa kwa 14.5 upate bar.

Moto sasa, na naandika hili kwa uchungu. Umeme ukikatika watu wanafungua mtungi na papo hapo wanawasha kibatari au mshumaa waone vizuri. Usifanye hivyo, tumia tochi au simu. Hakuna sigara, hakuna koili ya mbu, hakuna chetezo cha udi na ubani kwenye chumba hicho, najua nyumba zetu zinapenda kufukizwa hasa Ijumaa, fukizeni chumba kingine cha mbali mgonjwa akiwa hayupo. Nguo, nywele na shuka zinashika oksijeni, kwahiyo mgonjwa akivua mpira asiende moja kwa moja jikoni, akae kwanza nje hewani kama nusu saa. Midomo ikikauka usimpake mafuta ya nazi wala vaselini, uliza duka la dawa wakupe ya maji. Na mashine ikiwa haitumiki izimwe, usiache inapuliza juu ya godoro.

Ukisafiri naye, labda kutoka Newala kwenda Ndanda kuonana na daktari, mtungi ufungwe kamba usibingirike, madirisha yawe wazi, gari lisiwe na dumu la petroli ndani, na dereva aambiwe mapema hamna kuvuta sigara. Piga hesabu ya masaa ya kwenda, kusubiri foleni na kurudi, afu chukua mara mbili yake, kwa sababu barabara na foleni za kliniki hazijawahi kwenda kama ulivyopanga.