Kabla mama hajapanda kitandani: maandalizi ya kuchunguza via vya uzazi na njia ya mkojo

Muuguzi aliyepangiwa zahanati kwa mara ya kwanza huwa na haraka ya kufika kwenye kitanda cha uchunguzi. Mimi ningemwambia aanze na kikopo cha mkojo. Tulivyozoea, mama anayelalamikia tumbo la chini hulazwa, hubonyezwa, kisha ndipo hutumwa chooni akalete mkojo. Hapo tumeanzia mwisho. Kibofu kilichojaa kinauma kikiguswa, na kinaweza kukudanganya ukadhani umeshika uvimbe wa kizazi. Mpe kikopo kwanza, na umweleze kabla hajaondoka: anawe mikono, ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, kidogo cha kwanza kiende chooni, akinge wa katikati. Ukimwambia tu "lete mkojo", utaletewa mkojo uliochanganyika na uchafu wa ukeni, na majibu yatakupoteza. Anayelalamika kwamba mkojo unamponyoka akikohoa au akicheka usimtume chooni mapema. Mchunguze kibofu kikiwa na kitu, mwambie akohoe, ujionee.

Saa nayo iangalie. Pemba, Unguja, mikoa ya pwani na sehemu za Kanda ya Ziwa kuna kichocho, na mayai ya minyoo wanaokisababisha hutoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa saa moja asubuhi unaweza kurudi maabara ukiwa safi huku mtu anaumwa. Tena hapa matone ya mwisho ndiyo unayoyataka, kwa hiyo maelezo ya kukinga yanabadilika. Ugonjwa huu haubaki kwenye kibofu peke yake. Mayai hunasa ukeni na kwenye mlango wa kizazi, yakaleta maumivu, damu baada ya kujamiiana na kutokwa na uchafu, dalili zilezile tunazozikimbilia kuziita za zinaa. Binti anapewa dawa za kisonono awamu baada ya awamu, nyumbani mume anashukiwa, na hakuna aliyemuuliza alikulia wapi, au kama amewahi kulima majaruba ya mpunga na kufua bwawani. Swali hilo liandike kwenye karatasi yako kabla zamu haijaanza.

Vijiti vya kupimia mkojo vinaharibiwa na unyevu. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na ujiridhishe kwamba kopo halikulala wazi. Muulize kama yuko kwenye siku zake, kwa sababu damu ya hedhi itasomeka kama damu ya mkojo. Muulize pia alichomeza kutoka duka la dawa. Wengi hufika wakisema wana "UTI sugu", na ukichimba unakuta wameshakunywa antibiotiki wiki nzima, hivyo hata ukiotesha mkojo maabara kutafuta vijidudu huenda usipate kitu.

Maswali yenyewe yanataka chumba chenye mlango unaofungika, au angalau pazia lisilopepea kila mtu akipita. Aliyemsindikiza, awe mume au mama mkwe, asubiri nje. Mwenyewe atamwita ndani akitaka. Kama amekuzidi umri, shikamoo kwanza, kisha uanze na yasiyo na aibu: anakojoa mara ngapi, anaamka usiku, inawaka? Ukishika kasi ingia kwenye tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho, mimba alizobeba na zilizotoka, njia ya uzazi wa mpango, kujamiiana. Asiyeziona siku zake, ana maumivu ya tumbo la chini na kizunguzungu, usiendelee kuandika. Pima presha na mapigo, pima mimba, maana inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Ukeketaji uulizwe kabla ya kushika spekulamu, kifaa cha kupanulia uke ili uone ndani, hasa ukiwa Manyara, Dodoma, Arusha, Mara au Singida. Kovu linaweza kufanya njia iwe nyembamba kiasi kwamba mkojo unatoka polepole, na kifaa cha ukubwa wa kawaida kitamuumiza bure. Ndogo iwepo mezani, itamfaa pia bibi aliyekoma hedhi. Kando yake weka glavu, maji ya vuguvugu ya kulowanisha chuma, shuka au kanga ya kumfunika, na taa yenye chaji, kwani umeme hukatika bila kubisha hodi. Mfanyakazi mwenzio wa kike awe chumbani. Kama unapima saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, mteja asiwe kwenye hedhi, na ukishapaka subiri dakika moja nzima kabla ya kusoma. Ukisoma mapema, weupe unaoonyesha sehemu yenye tatizo unaweza kuwa haujatokea.

Kuna wasioguswa ndani. Mjamzito wa wiki 28 na kuendelea anayetokwa damu, usiingize kidole wala spekulamu mpaka ijulikane kondo la nyuma limekaa wapi, maana likiwa limeziba mlango unaweza kuamsha damu usiyoweza kuizuia. Binti ambaye hajawahi kujamiiana usimwekee spekulamu. Aliyebakwa asioge wala kujipangusa kabla ushahidi haujachukuliwa. Fomu ya polisi, PF3, ifuatiliwe huku matibabu yakiendelea, kwani dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio.

Mwisho, ujue utampeleka wapi. Mama anayevuja mkojo mchana na usiku tangu alipojifungua kwa shida anaweza kuwa na fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bila malipo. Andika namba yao ukutani leo.