Somo: KE30 yangu, injini ya 5K, na milioni mbili tu

Wakuu, salaam kutoka Tabora. Wengi mliuliza ile Corolla yangu ya kijani, KE30, nimeifanya nini mpaka inavuta vile. Namba ya hospawa sitaji kwa sababu sijaipeleka kwenye mashine ya kupimia, na anayekutajia namba bila kupima anakuuzia maneno. Nitaeleza kazi yenyewe.

1. Injini

KE30 ilikuja na injini ya 3K, sisi (cc) 1166: pistoni ya milimita 75, mwendo wake wa kupanda na kushuka 66. Ndugu yake 5K ina pistoni ya 80.5 na mwendo wa 73, jumla sisi 1486. Umeongeza zaidi ya robo ya ujazo kabla hujagusa kitu, na inakaa palepale ilipokaa 3K, kwenye giaboksi ileile.

5K zinatoka kwenye LiteAce na TownAce za zamani. Yangu niliinunua Dar, ikaja kwa treni ya mizigo ikiwa imekalishwa juu ya tairi bovu. Ila kwenye zile gari injini inalala ubavu chini ya viti. Kwa hiyo ukiifunga kwenye Corolla hamisha kutoka 3K: sampu (bakuli la oili chini ya injini), chujio la kunyonyea oili, mikono ya maunti inayoshikilia injini, manifodi ya kabureta (mabomba ya kuingizia hewa na petroli). Na dipstiki, kijiti cha kupimia oili! Mwenzangu mmoja alisahau dipstiki, akawa anaendesha oili ikiwa pungufu huku kijiti kinamwambia imejaa. Giaboksi ya LiteAce mwachie muuzaji.

2. Pesa ilivyokwenda

Injini 700,000. Karakana ya kuchonga, Mwanza, 550,000. Pistoni, ringi, beringi na gasketi 430,000. Iliyobaki, 320,000, ikaenda kwenye rejeta, ekzosi na oili. Ukiona bajeti yako imetanguliza rimu na stika mbele ya karakana, hili si somo lako.

Silinda nilichonga ovasaizi 0.50, yaani 81 kamili, ikafika sisi 1505. Krenki ilihitaji kung'arishwa tu. Pima mwanya wa ringi moja moja ndani ya silinda yake; kwa pistoni ya 81 mimi naweka milimita 0.32 hivi. Usiamini kwamba zimetoka kwenye boksi zikiwa sawa.

3. Kupima chemba

Chemba ni kile kishimo cha hedi (kichwa cha injini) ambamo petroli inawaka. Ukikwangua uso wa hedi chemba inapungua, mgandamizo unapanda na nguvu inapanda; ukizidisha, injini inagonga. Hapa ndipo nguvu ya bei nafuu ilipo, na hapa ndipo nilipoungua. Injini yangu ya kwanza ilikuwa 4K, ndugu mwingine wa 3K. Nilimwachia fundi wa karakana moja aikwangue hedi "kidogo". Alikwangua mpaka macho yake yakaridhika. Barabara ya Nzega, jua la Oktoba, ikaanza kugonga kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Nikaachia mafuta ikanyamaza, nikakanyaga tena kwa kiburi. Pistoni ya tatu ikatoboka.

Safari hii nilipima. Nunua bomba la sindano la ml 20 duka la dawa. Tafuta kasha la CD, vunja upande wa plastiki inayoonyesha ndani, utoboe kwa msumari wa moto. Hedi igeuze juu chini iwe bapa kabisa, valvu na plagi zikiwa mahali pake, paka grisi kuzunguka chemba, bandika plastiki, jaza mafuta ya taa kwa sindano mpaka povu la mwisho litoke tunduni. Hesabu ml.

Yangu ilitoka 38. Gasketi iliyobanwa ilichukua 6.3. Kishimo cha pistoni, pamoja na pale inapobaki chini ya uso wa bloku, 5. Jumla 49.3. Silinda moja ni 1505 gawa kwa 4, yaani 376. Jumlisha 376 na 49.3, gawa kwa 49.3: unapata 8.6, ndicho kiwango cha mgandamizo. Mimi nilitaka 9.5 kwa petroli ya pampu zetu, na hiyo inadai jumla ya 44.3. Kwa hiyo lazima zitoke ml 5.

Sasa toa plastiki, kausha, mimina ml 33 tu. Pima kutoka uso wa hedi kushuka hadi mafuta yalipo. Huo urefu ndio wa kumwandikia fundi kwenye karatasi. Usimwambie "kidogo". Pima chemba zote nne. Ikipungua moja kuliko wenzake, isage mpaka zilingane.

4. Kupumua

Kabureta nimeweka Weber 32/36 iliyotumika. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyotyuniwa Dar ikifika huku inamimina petroli kupita hewa iliyopo. Plagi zikiwa nyeusi kama chungu, shusha jeti, yaani weka yenye tundu dogo zaidi la petroli. Rangi ya kahawia iliyofifia ndiyo tunayoitafuta.

Usitupe boksi la filta ili kuweka vile vifilta vidogo vya kung'aa. Vumbi letu la kiangazi ni msasa. Mimi nimeacha boksi, nikavuta bomba mpaka mbele ya rejeta lichukue hewa baridi.

Ekzosi alichomelea kijana wa Ng'ambo: mabomba manne ya milimita 35, silinda 1 na 4 zikutane, 2 na 3 zikutane, kisha zote ziingie bomba moja. Tumia bomba jeusi. La maji lenye zinki likichomwa moshi wake unalaza mtu na homa.

5. Joto na kuwasha

Kwa mwinuko huu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Mfuniko wa rejeta uliochoka, ambao Dar ungevumilika, huku unakuangusha. Nunua mpya.

Siku ya kuwasha weka oili ya dizeli 15W-40, inalinda kamshafti na tapeti, vyuma vinavyosukuma valvu. Ikiwaka tu ishike mizunguko 2,000 kwa muda wa dakika 20, isiachwe sailensa, yaani inguruma chini bila kukanyagwa mafuta. Oili ya kwanza mwaga kwenye kilomita 500.

Maswali

Mwana wa Ujiji: Kaka, kwa nini usifunge 7K kabisa? Sisi huku Kigoma tuna milima.
Jibu: 7K ni sisi 1781, pistoni ni ileile ya 80.5 ila mwendo ni 87.5, na bloku ni ndefu kwenda juu. Pima boneti kwanza. Inavuta chini vizuri sana, kwa mizigo na milima ningeichukua. Mimi napenda injini inayokimbia juu.

Kijana wa Urambo: Shikamoo mkuu. 4K yangu ina ovaholi mpya, asubuhi inatoa moshi wa bluu dakika mbili, halafu basi.
Jibu: Marahaba. Ringi ziache. Oili inateremka usiku kwenye sili za valvu. Badilisha sili, na angalia gaidi, yaani mirija inayoongoza valvu, kama zinacheza.

Dada Isevya: Gari ni ya marehemu baba, kadi ina jina lake. Nikibadili injini sitasumbuliwa?
Jibu: Pole dada. Kadi inabeba namba ya injini, kwa hiyo maliza mirathi, gari iwe jina lako, kisha peleka TRA risiti ya injini mpya wabadilishe taarifa. Na ile 3K ya baba usiuze skrepa. Mwagia oili kwenye silinda, funga matundu, iweke stoo.

Asiye na Haraka: Si ununue IST tu?
Jibu: Ninayo. Mama watoto ndiye anaiendesha.

Mwana wa Ujiji: Na breki?
Jibu: Hili lilipaswa kuwa hatua ya kwanza, umenikamata. Kabla ya injini nilibadili mipira ya silinda zote na paipu za mpira. Drumu zina kipenyo cha mwisho kilichoandikwa juu yake. Zikizidi hapo ni za kutupa. Ukija Tabora zibebe, Jumamosi nipo gereji kuanzia saa tatu asubuhi, tutazipima.