Kisanduku cha tarehe kikiachwa wazi: mambo ya kuzingatia kabla ya kuachia fomu ya utafutaji

Karani wa wakala wa forodha Tanga akitafuta mzigo, hujaza jina la meli, lakini kisanduku cha tarehe ya kuondoka akakiacha wazi. Akibonyeza kutafuta, PostgreSQL, yaani seva ya hifadhidata, inagoma: could not determine data type of parameter $1, kosa namba 42P18. Data haina ubovu wowote. Seva imepewa sharti la $1 IS NULL, yaani parameta ya kwanza (nafasi ya thamani inayotoka kwenye fomu) haina thamani, na ndani yake hakuna kinachoieleza kama $1 ni tarehe, namba au maandishi.

Kwanza kabisa kaa na karani, mkubaliane maana ya uwazi ule. Je, anataka meli zote bila kujali tarehe, au zile ambazo bado zipo bandarini, yaani ambazo safuwima ya tarehe_kuondoka ni NULL? Haya ni maswali mawili tofauti, na la pili linahitaji IS NULL kwenye safuwima yenyewe; alama ya = mbele ya NULL haileti safu hata moja.

Kisha pitia kila sharti la namna hii:

WHERE (:tarehe IS NULL OR tarehe_kuondoka >= :tarehe)

Jina :tarehe ni moja, lakini kwenye programu ya Java huwa parameta mbili. Ya pili hujulikana aina yake kwa kulinganishwa na safuwima. Ya kwanza haina pa kujishikiza. Itajie aina: andika CAST(:tarehe AS date) IS NULL. Usitumie :tarehe::date, maana baadhi ya maktaba huzidhani nukta pacha zile ni mwanzo wa jina la parameta.

CAST nayo haiponyi kila kitu. Hibernate, maktaba ya Java ya kuzungumza na hifadhidata, ikikosa kujua aina, huweza kuituma NULL kama bytea (aina ya baiti ghafi), na hapo utaona function lower(bytea) does not exist kwenye sharti la maandishi, au cannot cast type bytea to date. Taja aina pale unapoweka thamani: kwenye JDBC, njia ya Java ya kuunganisha na hifadhidata, ni setNull(1, Types.DATE), si setObject(1, null).

Iliyo bora zaidi, kwa maoni yetu, ni kutoliweka sharti kabisa kisanduku kikiwa kitupu. Swali linalotumwa kwa seva (query) linakuwa fupi, na seva inapata nafasi nzuri ya kutumia faharasa (index).

Angalia pia kinachotoka kwenye fomu. Mara nyingi ni maandishi matupu '', si NULL, na tarehe haiyakubali. Yageuze kabla hayajafika kwenye swali.

Majaribio yaanze na visanduku vyote vitupu, halafu jaza kimoja kimoja. Yafanyie kwenye PostgreSQL ya toleo lile lile litakalotumika ofisini: MySQL, hifadhidata nyingine, huipokea NULL hiyo bila kulalamika, kwa hiyo kufaulu huko hakukuhakikishii lolote.