Mtoto amenenepa kupita kiasi: anza na mizani, usianze na kumnyima

Mzazi akiingia kwangu na mtoto mnene, swali lake la kwanza karibu siku zote ni "nimkataze nini?" Miaka yangu ya mwanzo katika kazi ya lishe nililijibu kwa orodha ndefu ya makatazo. Watoto wale walirudi wamenenepa zaidi, tena wamejifunza kula kwa kujificha. Siku hizi nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Pima

Mtoto unayemwona kila siku huwezi kumkadiria kwa macho. Mpime uzito akiwa na nguo nyepesi, bila viatu. Urefu mpime akisimama wima, visigino na mgongo vikigusa ukuta. Kisha zidisha urefu (kwa mita) kwa wenyewe, na uzito (kwa kilo) ugawe kwa jibu hilo. Mtoto aliyetoka tu kutimiza miaka 8, mwenye kilo 34 na urefu wa mita 1.28: 34 ÷ (1.28 × 1.28) = 20.8. Hiyo ndiyo BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu.

Wengi hukosea hapa. Kwa mtu mzima 20.8 ni uzito mzuri kabisa. Kwa mtoto, namba husomwa kwenye chati ya umri na jinsia yake, na kwenye chati za Shirika la Afya Duniani mtoto huyu, awe wa kike au wa kiume, ameshaingia kwenye unene uliopitiliza. Wa chini ya miaka 5 wana chati yao ya uzito kwa urefu. Muuguzi wa kliniki atakusomea.

Hatua ya 2: Weka lengo

Mtoto huyo bado anarefuka. Akibaki na kilo zake 34 huku akiongeza sentimita 5, BMI inashuka hadi 19.2, na ametoka kwenye kundi la unene uliopitiliza bila kupungua hata gramu moja. Ndiyo maana kwa watoto wengi nasema: tuushikilie uzito, urefu utaufikia. Kupunguza kilo ni kwa wenye uzito mkubwa zaidi, au vijana wanaokaribia kumaliza kurefuka, na hapo asimamiwe na mtaalamu.

Hatua ya 3: Tafuta uzito unaingilia wapi

Andika kwa siku 7, wikendi ikiwemo: anakula nini, anakunywa nini, analala saa ngapi, anakaa mbele ya skrini muda gani. Kimya kimya, ukimfanya mtuhumiwa atakuficha.

Urithi una sehemu yake, na dawa kama za steroidi huongeza uzito. Homoni wazazi huzitaja sana, lakini ni chanzo adimu. Kipimo changu cha haraka ni urefu: mtoto aliyenenepa kwa ulaji kwa kawaida ni mrefu kuliko wenzake. Anayenenepa huku urefu umesimama, mpeleke kwa daktari.

Hatua ya 4: Ondoa vinywaji vitamu

Ukifanya hatua moja tu, fanya hii. Kopo la soda la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai, na mtoto akishalinywa bado atakula kama kawaida kwa sababu kinywaji hakimshibishi. Juisi halisi nayo haisalimiki: tunda zima hutafunwa taratibu, lakini matunda manne yaliyokamuliwa humezwa kwa dakika moja. Weka maji. Na soda isiingie nyumbani kabisa, ya baba ikiwemo. Kumkataza mtoto kile ambacho wakubwa wanakinywa mbele yake ni uonevu, na hakufanyi kazi.

Hatua ya 5: Gawaneni kazi mezani

Wewe uamue kinachopikwa, saa na mahali pa kula. Yeye aamue kiasi. "Maliza sahani" humfundisha kupuuza shibe yake. Peremende isiwe zawadi wala kibembelezo, na televisheni izimwe wakati wa kula. Majina kama "bonge" yakome, hata kwa utani. Mtoto anayeaibishwa huishia kutafuta faraja kwenye chakula.

Hatua ya 6: Mwendo na usingizi

Kuanzia miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na michezo ya kukimbizana inahesabika. Wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Asiyelala vya kutosha huwa na njaa zaidi. Mimi huanza na kuitoa simu chumbani.

Hatua ya 7: Pima tena baada ya miezi 3, na usisubiri ukiona haya

Kupima kila siku kunawatia wote wazimu. Lakini zipo dalili zisizongoja. Ngozi ya shingo iliyogeuka kuwa nyeusi na nene: wazazi huisugua wakidhani ni uchafu, kumbe mara nyingi ni ishara kwamba insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, haifanyi kazi vizuri, na kisukari cha aina ya 2 huenda kiko njiani. Kukoroma kunakokatizwa na pumzi kusimama. Kiu kali na kukojoa mara kwa mara. Omba apimwe sukari, shinikizo la damu na ini. Na akianza kuchechemea au kulalamika maumivu ya nyonga au goti, usimwambie ajikaze: huenda kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kutoka mahali pake. Asiendelee kuukanyagia mguu huo, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.